Mlima kwa Mdomo wa Mwingine

Hebu nikuulize wewe unayesikiliza: ukiwekewa vitu viwili mbele yako, ukaambiwa "chagua wewe, mama," na macho ya nyumba nzima yamekuganda usoni, utasema unachokitaka au utasema kinachofaa kusemwa? Usinijibu bado. Bi Kuluthumu naye hakujibu palepale, na hapo ndipo mambo yake yalipoharibikia.

Huyu Bi Kuluthumu alikuwa mama yake Tahir, yule Mzanzibari aliyekuwa akipeleka nguo nyumbani kutoka Guangzhou miaka ile ya mwishoni mwa tisini, Waafrika walipokuwa bado wachache kule na ukipita njiani watu wanasimama kukutazama. Tahir alikuwa amepanga mtaa wa Dengfeng, ghorofa ya saba, jengo halina lifti. Mkewe, Ilham, alikuwa na jicho la nguo kumshinda yeye, basi kutwa wote wawili wako sokoni. Ndipo Tahir akamleta mama yake awaangalizie watoto. Bibi akapika, akafua, akajifunza kununua samaki anayeogelea ndani ya beseni kwa kunyoosha vidole, na akajifunza neno la Kichina la kulalamikia bei, akilitamka kwa upole mpaka wauzaji wanacheka na kumpunguzia.

Ghorofa ya tano walikaa Théodore na Bernadette, Wakongo wa Bukavu, waliokimbia vita wakiwa na mtoto wao Loïc na masanduku mawili. Walikuwa Wakristo, wamesoma Kifaransa mpaka juu kabisa, lakini Kiswahili chao walikuwa nacho, cha kwao. Théodore na Tahir walikuwa wakijaza kontena moja: mzigo wa Tahir unashuka, wa Théodore unaendelea kwa malori mpaka Kongo. Na watu wanaojaza kontena moja huaminiana kuliko ndugu, maana kontena likifungwa hujui tena nani kaweka nini chini.

Wanaume wakishirikiana hivyo, wake nao hawabaki nyuma. Bernadette akawa mtu wa Bi Kuluthumu. Sahani zilikuwa zikipanda na kushuka ngazi kila siku: leo mkate wa kumimina unashuka, kesho sombe, kisamvu cha kwao Kongo, inapanda. Bernadette alimwita Mama Tahir, naye akamwita Mama Loïc, na jioni wakikaa pamoja kwenye kibaraza cha kuanikia nguo, mmoja anachambua mchele, mwingine anasimulia.

Safari ya mapumziko, iliyoleta yote haya, ilianzia kwa Grâce, mdogo wake Bernadette, aliyeolewa Uswisi. Aliwaandikia kwamba mwezi wa saba watu wa huko hukodisha nyumba zao kwa wageni, na familia mbili zinaweza kuchukua nyumba moja. Biashara ya mwaka ule ilikuwa imewakubali. "Ni kama kontena," Tahir akasema. "Tunachangia." Grâce akatuma vitabu viwili vya picha, na kuanzia siku ile nyumba haikuwa na mazungumzo mengine.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha nyumba ya ziwani. Maji ya buluu, meli nyeupe yenye bendera nyekundu, njia ya kutembea iliyopandwa maua ya rangi rangi, na duka la ice cream lenye viti vya chuma. Cha pili kilikuwa cha nyumba ya mlimani, kijiji cha juu kabisa, ambako treni hupanda kwa magurudumu yenye meno kama ya msumeno. Nyumba ya mbao nyeusi, masanduku ya maua chini ya madirisha, ng'ombe amevaa kengele kubwa kama sufuria. Na nyuma ya nyumba, karibu hata ungedhani unaweza kuirushia jiwe ikapokea, theluji. Theluji ya mwezi wa saba, jua limeipiga na haijali.

Ijumaa moja baada ya sala walikula pilau kwa Tahir, watu wote wa nyumba mbili, kisha vitabu vikafunguliwa juu ya mkeka.

"Mlimani kuna nini?" Ilham akauliza. "Ng'ombe. Ng'ombe hata kwetu Donge wako."

"Wa Donge hawana kengele," Tahir akasema.

"Nitakufungia wewe kengele, uniburudishe hapahapa."

Théodore akajikohoza. Alikuwa mtu wa kuongea kama anayefungua kikao. "Hewa, madame Ilham. Mwaka mzima tunameza moshi. Kule juu ni hewa safi."

"Hewa hailiwi, Papa Loïc. Ziwani kuna meli, kuna maduka, kuna njia tambarare watoto wakimbie. Huko juu ikinyesha tutakaa ndani tunatazamana kama bidhaa iliyokosa mnunuzi."

Bernadette akacheka mpaka akajifuta macho. "Mi niko na Ilham," akasema. "Ziwa."

Basi wawili huku, wawili kule: wake ziwani, waume mlimani. Tahir akafunga vitabu vyote viwili, akaviweka mapajani mwa mama yake. "Mama ndiye atakayekata shauri. Chagua wewe, Mama."

"Mtakapokwenda nyinyi ndipo pangu," Bi Kuluthumu akasema.

Hilo lilikuwa neno lake la maisha. Alilisema alipokuwa msichana wa darasa la nne, kaka yake anayefanya kazi Moshi alipoandika kwamba atamchukua ndugu mmoja akakae naye mwezi mzima, aone mlima wenye barafu kichwani. Aliulizwa, "Unataka kwenda?" Akasema, "Mtakavyoona nyinyi." Wakaona aende mdogo wake. Yule mdogo alirudi akasimulia kwamba asubuhi mlima unatoka mawinguni kama mtu anayevua kanga, na Bi Kuluthumu akawa kila siku anamwambia asimulie tena. Tangu hapo alikuwa ameishi usawa wa bahari, akaolewa usawa wa bahari, akafiwa na mume usawa wa bahari. Maji aliyaona ya kutosha. Hakuna siku aliyosimama mahali pa juu kuliko paa la nyumba.

"La, Mama," Tahir akasema. "Safari hii utachagua. Tunakupa mpaka Ijumaa ijayo."

Usimcheke, wala usidhani hakujua anachokitaka. Alikijua vizuri mno. Tangu vitabu vile vifike alikuwa akijizoeza kimyakimya. Watoto wakishakwenda shule anashuka ngazi zote mpaka chini, anapumzika kwa muuza matunda, anapanda tena zote, kisha anashuka tena kama aliyesahau kitu. Bernadette alimkuta kwenye ngazi mara kadhaa, akajua, na mara nyingine akapanda naye, wakisimama kila ghorofa kuvuta pumzi na kucheka. Siku moja Bi Kuluthumu alikaa ghorofa ya nne akajikanda, akasema, "Leo magoti yamekataa, Mama Loïc. Kesho yatakubali." Na kesho yake yalikubali kweli.

Tena alikwenda mbali zaidi. Kule Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo makubwa ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni, kulikuwa na laobani mmoja, ndivyo wanavyomwita mwenye duka, mwanamke mnene mwenye mwanya, ambaye Ilham alikuwa akinunua kwake. Laobani yule ana makoti ya baridi ya kupeleka nchi za theluji. Kule hakuuzwi koti moja. Huuzwa robota, na ukiomba moja unafukuzwa kwa mkono kama kuku. Bi Kuluthumu alimwendea peke yake, akamgusa bega, akajionyesha mwenyewe kifuani, akamwonyesha koti la rangi ya zambarau lenye manyoya kwenye kofia. Mwanamke yule akamtazama sana. Kisha akakata kamba ya robota, akalitoa moja, akaliweka chini ya meza yake. Mpaka litakapochukuliwa.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kuchagua. Tatizo lilikuwa Ilham. Mama mkwe anayekaa kwa mwanawe akitoa neno linaloegemea kwa mwanawe, hata liwe neno la chumvi, mkwe hulisikia lingine: kwamba wawili hawa ni wa damu na yeye ni wa kuja. Bi Kuluthumu aliona nyumba zikivunjika kwa kidogo kuliko hicho. Na Ilham alimpenda. Hakutaka kumpoteza kwa ajili ya mlima.

Kwetu jambo kama hilo hutafutiwa mdomo. Humsemi mtu usoni. Unamtuma mtu anayesikika vizuri masikioni mwake, naye analisema kama lake, na hakuna anayejeruhiwa. Nani afae kuliko Bernadette? Yeye ndiye mwenzake Ilham wa upande wa ziwa. Yeye akigeuka, Ilham atacheka, atasema umenisaliti shoga yangu, na litakwisha hapohapo.

Akamwambia jioni ya Jumatano, kibarazani, nguo zikidondosha maji vichwani mwao.

"Mimi nataka mlima, Mama Loïc. Sijamwambia mtu. Useme wewe. Sema umebadili mawazo, basi."

 Bernadette alikuwa ameshika soksi ya mtoto, akaikunja, akaikunjua.

"Unataka sana, Mama Tahir?"

"Sana."

"Bon. Mi nitasema." Akampa mkono, na Bi Kuluthumu akaubana kwa mikono yake miwili.

Usiku ule na uliofuata alilala kama mtoto wa kesho Idi.

Ijumaa ikafika. Samaki wa kupaka, wali, kachumbari. Alipika kwa raha hata Tahir akamuuliza kama kuna harusi. Walipokaribia kumaliza, Tahir akasema, "Haya, Mama. Siku yako."

Bi Kuluthumu akainamisha macho kwenye sinia, akatabasamu, akamngojea mjumbe wake.

"Bon," Bernadette akasema. "Mi niseme, juu Mama Tahir ana haya. Ameniambia siri, na mutanisamehe naitoa. Magoti yake haiwezi mlima. Iko inamuuma kwa ngazi, mi nimemuona na macho yangu, amekaa chini anajikanda. Anaogopa kuwaharibia safari. Anapenda ziwa."

Mkono wa Bi Kuluthumu ulikuwa umeshakata tonge. Ulibaki palepale kwenye wali, tonge limefungwa ndani ya vidole, na tui likamtiririka mpaka kwenye kiganja. Alisubiri Bernadette acheke, aseme ni mzaha. Bernadette alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya ganda moja refu lisilokatika, na hakuinua macho.

"Mama," Tahir akasema, na sauti yake ikalainika, "magoti yanakuuma na hukuniambia?"

Na Ilham, ambaye Bi Kuluthumu alimwogopa siku zote hizo, akaja akapiga magoti mbele yake, akauchukua mkono ule wenye mchuzi, akaubusu. "Mama yangu," akasema. "Ungesema tu. Tungebishana bure wiki nzima."

Aseme nini? Akisema si kweli, amemfanya mgeni mwongo juu ya chakula chake. Akisema ukweli wote, itajulikana alituma mtu amzunguke mkwe wake, na Ilham bado ameushika mkono. Mwenyewe ndiye aliyejenga kile kichochoro, akaingia, na mwenzake akakiziba mbele na nyuma. Tena kakiziba kwa maneno yake mwenyewe. Kwamba alikaa chini, ni kweli. Kwamba alijikanda, ni kweli. Uongo wa kutunga ungemuuma kidogo kuliko ukweli ule uliogeuzwa ndani nje kama nguo.

"Inshallah kheri," akasema.

Alasiri ileile faksi ikaenda kwa Grâce, na kabla wiki haijakwisha jibu likarudi: nyumba ya ziwani ni yao, ya mlimani imeshachukuliwa na watu wengine. Tahir akamnunulia mama yake dawa ya kuchua. Akakatazwa ngazi. Samaki akawa analetewa.

Sasa nikwambie alivyokasirika, maana watu hawa wapole hukasirika kwa namna yao. Hakugomba. Alipoletewa sombe akapokea, akasema ahsante, akaihamishia chombo kingine, akaiosha sahani ya Bernadette, akaikausha vizuri kwa kitambaa, akairudisha tupu. Tupu kabisa, hata ndimu moja hamna. Mwanamke yeyote wa Unguja akirudishiwa sahani tupu na jirani yake hukaa chini akajiuliza kafanya nini. Bernadette wa Bukavu akaipokea, akasema, "Merci, Mama Tahir, umeosha vizuri," akafunga mlango. Ikarudi tupu ya pili. Ikarudi tupu ya tatu. Ile hasira yote ilikuwa inaangukia mahali pasipo na masikio.

Lakini ilikuwa na macho. Ilham aliiona.

 Jumapili moja asubuhi akasema twendeni Guangyuan Xilu, tukachukue nguo za safari, wanawake watatu, watoto wabaki na baba zao. Bi Kuluthumu akajaribu kukataa kwa ajili ya magoti. Ilham akamwambia watachukua teksi.

Mle ndani ya jengo palikuwa kama siku zote. Wapagazi wanapita na marobota kwenye vigari, wanapiga kelele upishe huku gari limeshakukanyaga. Vumbi la nguo mpya linawasha pua. Ilham alimchagulia mama mkwe wake viatu vya wazi vyenye soli laini, na sweta jembamba rangi ya maziwa. "Ya jioni ufukweni," akasema. Bi Kuluthumu akashukuru. Bernadette alijichagulia kofia ya jua yenye utepe, akaijaribu mara nyingi kwenye kioo.

Mkono wa kushoto, mbele kidogo, palikuwa na duka la yule laobani mwenye mwanya. Bi Kuluthumu akageuza uso akajifanya anatazama vifungo. Haikusaidia. Mwanamke yule alimjua kwa kanga yake toka mbali. Akainama chini ya meza, akatoka na koti la zambarau, akalikung'uta vumbi, akalinyanyua juu kwa mikono miwili.

"Mama," akaita kwa Kiswahili alichofundishwa na Ilham mwenyewe, "koti. Moja. Mama koti."

Ilham akalipokea. Akalipima kwa jicho lake la nguo: mabega, urefu, mikono. Lilikuwa la Bi Kuluthumu, halikuwa la mtu mwingine yeyote.

"Mama, ulimwekesha lini hili?"

"Zamani kidogo."

"Kabla ya ile Ijumaa?"

 Mpagazi akapiga kelele nyuma yao, wote watatu wakajibana ukutani, robota likapita.

"Hili si koti la ziwani," Ilham akasema. Kisha akamgeukia Bernadette, bila kupandisha sauti. "Shoga yangu, sahani zako zinarudi tupu siku ya ngapi hii? Kwetu sahani hairudi tupu mpaka mtu awe amefanyiwa kitu. Nimekuwa nikijiuliza umemfanyia nini Mama."

Bernadette akaivua ile kofia. Akazikumbuka zile sahani moja moja, na kwa mara ya kwanza akaelewa. Uso ukamshuka.

"Aliniambia mlima," akasema. "Aliniambia niseme mlima."

"Na ukasema magoti."

"Nikasema magoti." Akashika utepe wa kofia, akauvuta. "Ilham, nikuambie nini. Kwetu Bukavu, asubuhi unafungua dirisha, ziwa iko pale, milima iko nyuma yake. Ile kitabu ya Grâce, ukurasa ya katikati, ni dirisha yangu. Nyumba yetu imechomwa, sitarudi. Nilitaka niamke mara moja tu nione vile. Mama Tahir, mi nilijua utanisamehe. Wewe unasamehe kila mtu."

"Ungeniomba," Bi Kuluthumu akasema. "Ungeniambia hivyo pale kibarazani, ningekupa ziwa kwa mikono miwili. Ulichukua mkono wangu, ukasema utasema."

"Ndiyo."

"Na magoti yangu nilikwambia wewe. Sikumwambia hata mwanangu."

Bernadette akasema pole. Aliisema kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na Bi Kuluthumu akaisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Hakumtukana. Hakumtazama pia. Laobani aliwaangalia mmoja mmoja, akarudi kwenye hesabu zake.

Ilham akalikunja lile koti, akalishika kifuani.

"Na mimi, Mama? Kwa nini hukuniambia mimi? Naishi na wewe nyumba moja."

"Ungeona namshikia mwanangu upande."

"Labda ningeona hivyo," Ilham akasema. "Ningenuna siku mbili. Kisha ningekwenda kukutafutia soksi za sufi. Nyumba haibadiliki tena, Mama, hilo unalijua. Tahir atasema tutapanda siku moja kwa treni, tuone, turudi. Lakini sikuulizi hayo. Nakuuliza mwenyewe, hapa, hakuna mjumbe. Ulitaka wapi?"

Lile neno la maisha yake likapanda mpaka kwenye meno. Mtakapokwenda nyinyi. Lilikuwa tayari, lilikuwa tamu, lingemaliza kila kitu na wangerudi nyumbani kupika. Bi Kuluthumu akalifungia mdomo mpaka likashuka.

"Nilitaka mlima," akasema. "Sikutaka kupelekwa siku moja nikarudishwa jioni kama mzigo. Nilitaka nilale kule juu, niamke kabla yenu, nifungue mlango mwenyewe, nitoke niishike theluji kwa mkono huu. Nilitaka niwe mimi niliyekwenda, kisha nirudi nisimulie."